Barua ya wazi kwa wakuu wa mkoa wetu: dawa ni ya bure, bei yake ni siku nzima

Kwa:
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,
Mganga Mkuu wa Mkoa,
Kamanda wa Polisi wa Mkoa.

YAH: METHADONI ITOLEWE KARIBU NA TUNAPOISHI, NA WAGONJWA WETU WAACHWE WAFIKE KLINIKI

Waheshimiwa,

Shikamooni, na kwa mliozaliwa nyuma yangu, hamjambo. Husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni fundi cherehani, mjane, mama wa watoto wanne. Wa pili kati yao ana miaka 31. Alikula unga, yaani heroini, kwa miaka tisa, na sasa yuko mwaka wa tatu anakunywa methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye unga. Hii si barua yangu ya kwanza kwenu. Ya kwanza niliipeleka masjala kwa mkono wangu, ikagongwa muhuri wa "Imepokelewa" nikapewa nakala. Ya pili tulisaini familia kumi na moja. Ya tatu niliambiwa ipitie kwa mtendaji wa kata. Mtendaji akasema ianzie kwa mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti akaisoma yote, akaikunja, akaniuliza, "Mama, mbona unajitangaza?"

Nimekaa na nakala zangu na mihuri yake ya bluu kwa miezi kumi na minne. Sasa nimeamua kujitangaza kweli.

Kabla ya malalamiko, niseme kinachofanya kazi, maana sipendi mtu adhani nimekuja kulaumu tu. Tiba ya methadoni ilianza nchini Tanzania Februari 2011 pale hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, huko huko Dar, na baadaye ikafika Zanzibar, Mbeya, Mwanza, Dodoma na kwingineko. Serikali haitozi dawa hiyo hata senti. Heroini hukaa mwilini saa chache tu, ndiyo maana mla unga hutafuta kete asubuhi, mchana na usiku, na akikosa hushikwa na arosto: tumbo linakata, mifupa inauma, makamasi na machozi yanamtoka kama mtoto mwenye surua. Methadoni mtu hunywa mara moja na inamshika siku nzima. Halewi wala hapati arosto. Anaweza kukaa mezani akala ugali na wenzake.

Nina ushahidi wangu. Mwaka wa saba wa unga, mkasi wangu wa kukatia vitambaa ulipotea, ule mzito wa chuma, mpini umezungushiwa kitambaa chekundu. Niliukuta sokoni kwa muuza vyuma chakavu, nikaununua mkasi wangu mwenyewe kwa 3,000. Leo mkasi huo huo unalala juu ya meza, mlango uko wazi, na yeye ndiye anayeunoa. Kwa hiyo dawa naijua inafanya nini. Ninacholalamikia ni kila kitu kinachoizunguka.

1. Njia ya kuifuata

Kliniki iko mjini mkoani. Sisi tuko kwenye mji mdogo wa pwani, mwendo wa basi moja na miguu kidogo. Kila siku, na nikisema kila siku namaanisha na Jumapili, na Idi, na Krismasi, na siku ya mazishi ya dada yangu, saa kumi alfajiri namsikia akivuta komeo la mlango wa uani taratibu ili asituamshe. Ana kadi ya kliniki ndani ya nailoni ya sukari, anaiweka mfuko wa shati upande wa moyo. Saa kumi na moja na robo basi linaondoka. Anafika, anapanga foleni, anaitwa dirishani, anapewa kikombe kidogo cha plastiki, anakunywa mbele ya nesi. Nesi humwambia, "Sema jina lako la tatu." Si kwamba halijui. Anataka aone kinywa kimebaki kitupu. Shughuli yote ya dirishani haimalizi dakika mbili. Kisha anarudi kutafuta basi, na mabasi ya kurudi huku hayaondoki hadi yajae.

Nauli ni 2,500 kwenda na 2,500 kurudi. Kwa mwezi ni 150,000. Gauni la kitenge nalishona kwa 15,000. Fanyeni hesabu nyinyi wenyewe: ili mwanangu anywe dawa ya bure mwezi mzima, nashona magauni kumi, hapo sijaweka uzi, zipu wala umeme.

Nauli ina afadhali. Kilichotuumiza zaidi ni kazi. Mwaka jana alipata nafasi kwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu mwema tu, anajua historia yake na hakujali. Tatizo likawa saa. Kijana anafika kazini saa sita mchana, wenzake wameshamaliza fremu mbili. Fundi alimvumilia wiki saba, halafu akaja nyumbani kwangu kwa heshima kuniambia, "Mama, mimi nahitaji kijana wa asubuhi." Sikuwa na la kumjibu. Tunawaambia hawa vijana wakae mbali na vijiwe, watafute shughuli, kisha tunawapa tiba inayokula saa zote ambazo watu wengine wanafanya shughuli.

Halafu masika. Mwaka jana maji yalikata barabara kuu na hakuna basi lililopita kwa siku tatu. Mgonjwa aliyekosa siku tatu mfululizo hapewi tena dozi yake ya zamani, inashushwa, na akikosa zaidi ya hapo huanzishwa upya kutoka chini. Simlaumu nesi kwa hilo. Amenieleza na nimemwelewa: mwili ukishaanza kuisahau dawa, dozi ya juzi inaweza kumuua mtu leo. Lakini kuanzia chini maana yake ni siku kadhaa za kuwa na dawa isiyotosha mwilini, na siku hizo kijiwe hakifungi. Katika zile familia kumi na moja, wawili walirudi kwenye unga masika ile. Mmoja amerejea kliniki. Wa pili hatujui alipo.

2. Askari wanaosubiri pale wanaposhukia

Hili ni la Kamanda.

Kila anayekaa karibu na kliniki anajua saa ambayo vijana wetu wanashuka basi, na kama muuza maji anajua, askari wanajua. Ijumaa moja mwezi wa nane mwanangu alikamatwa hatua chache kutoka lango la kliniki, kabla hajanywa dawa. Alitoa kadi. Askari akaigeuza huku na huku akasema, "Hii ni kadi ya uteja," yaani ya mla unga. Kosa lililoandikwa ni uzembe na uzururaji. Mzururaji ana tiketi ya basi mfukoni, anakwenda mahali anakotakiwa kufika kila siku kabla dirisha halijafungwa!

Alikaa mahabusu Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Nilifika Jumamosi na chakula, nikamwomba askari wa zamu ampeleke kunywa dawa hata kwa pingu, kliniki iko mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Aliniambia hapo si hospitali. Jumatatu mchana akaachiwa bila kufikishwa popote, dirisha limeshafungwa. Siku nne bila dawa. Alipotoka alikuwa anatembea amejikunja kama mzee, shati limelowa jasho na hali ya hewa ilikuwa ya baridi.

Kamanda, najua sheria ya dawa za kulevya ya 2015 inamwona mtumiaji kuwa na kosa. Lakini sheria hiyo hiyo inazungumzia tiba, na serikali hiyo hiyo inayokulipa mshahara ndiyo inayonunua methadoni. Kumkamata mtu akiwa njiani kwenda kuinywa ni kama kumwagia maji moto uliouwasha mwenyewe. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata zaidi ya tani tatu za heroini na methamfetamini. Tulisikiliza habari ile kwenye redio hapa kibandani na wateja wangu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Shehena kama ile inavuka bahari, ina wenyewe na ina fedha nyuma yake. Kijana mwenye kadi kwenye nailoni ya sukari hana mtu nyuma yake isipokuwa mimi.

3. Madirisha mawili yasiyosemezana

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo lenyewe linanitesa mpaka leo.

Mwaka juzi mwanangu alianza kukohoa, akakonda. Kituo chetu cha afya hapa hapa mjini walimpima makohozi, wakamkuta na TB, wakamwanzishia vidonge siku ile ile. Kwa hilo nawapa heko. Mkojo ukageuka rangi ya chungwa, wakatuambia ni kawaida, ni dawa. Kikohozi kikaanza kupungua.

Baada ya wiki mbili hivi nikaanza kumwona anapiga miayo mfululizo alasiri. Makamasi yanamtiririka. Ngozi ya mikono imesimama vinyweleo kama kuku aliyenyonyolewa. Usiku anarusha miguu kitandani hadi ukuta unalia. Waheshimiwa, mimi nimeishi na arosto miaka tisa nyumbani kwangu, sihitaji daktari kunitambulisha kwake. Nikajua amerudi kwenye unga, anaula mchana na usiku unamwishia. Nilipekua mifuko yake. Nilinusa mashati. Nilificha mkasi. Nilimwita mbele ya dada zake nikamwambia maneno ambayo mama hamwambii mwanawe. Yeye akawa anasema, "Mama, sijala kitu. Dawa nakunywa, haikai." Nikamjibu kwamba hata miaka ile tisa alikuwa hajala kitu.

Siku kumi na sita nilimwita mwanangu mwongo.

Siku ya kumi na saba mtoa dawa pale kliniki, binti mdogo tu, alimwona anatetemeka dirishani. Badala ya kumfokea akamuuliza kuna dawa gani nyingine anatumia. Akatoa kadi ya TB. Yule binti akashika kichwa. Ndipo tulipoelezwa kwamba rifampisini, moja ya vidonge vya TB, inalifanya ini liivunje methadoni upesi, kwa hiyo dozi iliyokuwa inamfikisha kesho alfajiri ikawa inamwishia mchana. Wakampandishia dozi hatua kwa hatua, na baada ya muda arosto ikaisha. Tukaambiwa pia kwamba TB ikipona na vidonge vikisimama, dozi lazima ishushwe tena, la sivyo itamzidi. Ziko hata baadhi ya dawa za VVU zinazofanya vivyo hivyo.

Swali langu kwa Mganga Mkuu ni dogo. Jambo hili si siri, binti yule alilijua. Kwa nini kituo kinachotoa vidonge vya TB hakimuulizi mgonjwa kama anakunywa methadoni? Kwa nini kliniki ya methadoni haikujua kwamba mgonjwa inayemwona kila siku ya Mungu ameanza dawa za TB? Kadi mbili ziko mfuko mmoja wa shati na hakuna anayesoma zote. Mwanangu alivumilia siku zile kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi. Kijana mwingine angekwenda kijiweni siku ya tatu, nanyi mngeandika kwenye faili: ameacha tiba.

4. Wanaorudi nyumbani na hakuna aliyetuonya

Jirani yangu alimpeleka kijana wake nyumba ya upataji nafuu, wanakokaa watu wanaoacha unga. Sizisemi vibaya nyumba hizi zote. Nyingi zinaendeshwa na watu waliowahi kula unga wenyewe, wanajua wanachokifanya, na kabla ya methadoni kufika mikoani ndizo tulizokuwa nazo. Lakini hii aliyopelekwa ilikuwa chumba cha magodoro sakafuni, geti limefungwa, hakuna mganga, na arosto ilitibiwa kwa uji na maji ya kuoga ya baridi. Mama yake alilipa miezi minne. Kijana akatoka amenenepa, anacheka, tukamfanyia pilau.

Siku ya tano tulivunja mlango wa bafu tukamkuta.

Alitumia kiasi kile kile alichokuwa akitumia zamani. Hakuna aliyemwambia, na hakuna aliyetuambia sisi, kwamba mwili uliokaa miezi bila unga hauwezi tena kubeba kiasi cha zamani, na kwamba siku za kwanza baada ya kutoka nyumba ya nafuu au jela ndizo za hatari kuliko zote. Kuna dawa inaitwa naloksoni. Inamrudishia pumzi mtu aliyezidiwa na heroini, ndani ya dakika chache, kwa sindano au kwa kupuliziwa puani. Shirika la Afya Duniani lilishapendekeza mwaka 2014 kwamba watu wa karibu na watumiaji, familia na marafiki, waweze kuipata na wafundishwe kuitumia. Hapa kwetu niliulizia kituo cha afya, hawana. Niliulizia maduka ya dawa, mmoja akafikiri nataka dawa ya kuharisha.

5. Mabinti

Katika foleni ile ya alfajiri wanawake ni wa kuhesabu. Msidhani ni kwa sababu hawali unga. Binti mmoja ninayemshonea aliniambia hawezi kuacha mtoto wa mwaka mmoja saa kumi usiku na kurudi saa sita mchana, na akienda naye mtoto watu wa basi wanamwangalia kama ameua. Nyumba za nafuu zinazopokea wanawake ni chache mno. Sina mengi ya kuongeza hapa kwa kuwa wenyewe wanaogopa kusema, nami nimeahidi kutosema zaidi yao.

Majibu ninayoyajua

Nimeyasikia yote kwenye korido zenu, kwa hiyo niokoe muda.

Mtasema bajeti haitoshi kujenga kliniki kila wilaya. Sijaomba jengo. Kituo chetu cha afya kina nesi ambaye kila asubuhi anawasimamia wagonjwa wa TB wameze vidonge mbele yake na anaweka tiki kwenye kadi. Kuangalia mtu akimeza anakujua tayari. Kinachohitajika ni sefu ya chuma yenye kufuli, daftari, mafunzo, na gari linalopita huku kila wiki likipeleka chanjo lipite na chupa. Wagonjwa wapya waanzishwe huko mkoani kwa daktari, sawa. Waliotulia wanywee hapa.

Mtasema mgonjwa akipewa dawa ya kwenda nayo nyumbani ataiuza. Wapo watakaouza, siwezi kuwaapia. Na dozi ya mtu mzima inaweza kumuua mtoto akiiokota, nalo nalijua, ndiyo maana naomba kisanduku chenye kufuli, funguo ishikwe na mzazi, na chupa tupu irudishwe kabla ya kupewa nyingine. Lakini mtu ambaye mkojo wake umepimwa miaka miwili na haujaonyesha unga, mnamwogopa kwa kipi? Marekani, nchi yenye sheria ngumu za methadoni kwa miongo, ilipofika korona Machi 2020 iliruhusu wagonjwa waliotulia wapewe dozi za hadi siku 28 nyumbani, na 2024 ikalifanya jambo hilo kuwa kanuni ya kudumu. Mimi sijaomba siku 28. Nianzieni na Jumapili. Moja tu.

Mtasema, na hili nimeambiwa na ofisa mwenye elimu yake, kwamba methadoni ni kumtoa mtu kwenye uraibu mmoja na kumtia mwingine. Cherehani yangu inataka tone la mafuta kila asubuhi, nisipoitia inalia na kukata uzi. Ina miaka ishirini na miwili. Sijawahi kusikia mtu akisema cherehani yangu ina uraibu wa mafuta. Inashona.

Mtasema wamejitakia. Huenda. Mwanangu alipewa kokteli ya kwanza na rafiki yake wakiwa na miaka kumi na tisa, bangi iliyonyunyiziwa unga, akidhani ni bangi tupu. Lakini hata kama angejua, mbona mvuvi aliyeingia baharini siku ya kaskazi kali, ameonywa, boti ikipinduka tunatoa boti zote kwenda kumtafuta?

Tunachoomba

Ndani ya siku 60 tangu tarehe ya barua hii tunaomba majibu ya maandishi, si ya simu, juu ya haya:

(a) Kituo chetu cha afya kianze kunywesha methadoni wagonjwa waliotulia, au mtueleze kwa maandishi ni kifungu gani kinachozuia.

(b) Waliofikisha miaka miwili bila unga wapewe dozi ya Jumapili na ya sikukuu wakanywe nyumbani, kwa masharti niliyoyataja. Na masika, barabara ikikatika, kuwe na mpango unaojulikana kabla ya mvua na si baada ya vifo.

(c) Kamanda atoe agizo kwa vituo vyake: mwenye kadi ya kliniki asikamatwe njiani kwa uzururaji, na aliye mahabusu kwa kosa lolote apelekwe kunywa dawa yake, hata kwa pingu.

(d) Kila mgonjwa wa TB au VVU aulizwe kama anakunywa methadoni, na kila anayekunywa methadoni aulizwe dawa nyingine anazotumia. Hili halina gharama hata ya kalamu, na lingeweza kuanza kesho.

(e) Naloksoni iwepo kituo cha afya na kwenye gari la wagonjwa, na sisi wazazi tufundishwe kuitumia. Tuko tayari hata Jumapili.

(f) Nyumba za upataji nafuu zikaguliwe na mtu wa afya, na anayetoka huko asitoke bila yeye na familia yake kuambiwa kile ambacho jirani yangu hakuambiwa.

La mabinti sijaliandikia ombi kwa sababu nataka mwaulize wenyewe. Mtumeni mwanamke, asiyevaa sare, akae kibandani kwangu siku mbili. Watakuja. Huwa wanakuja kupunguza nguo, maana wanakonda.

Na kama kuna mmoja wenu anayetaka kuiona hiyo safari kabla ya kujibu, basi linaondoka saa kumi na moja na robo alfajiri, stendi ya zamani, mlangoni pa muuza chai. Asije na gari la serikali nyuma yetu. Akate tiketi.

Ni mimi,
Mama wa mgonjwa, fundi cherehani,
kwa niaba ya familia kumi na moja (kumi sasa).

Nakala:
Mheshimiwa Mbunge wetu.
Diwani wa kata.
Ubao wa matangazo wa msikiti, na wa kanisa.
Fundi wa mageti, ajue sababu haikuwa uvivu.
Mwenyekiti wa mtaa, aliyeniuliza mbona najitangaza.